Kwa Daktari Lusenge Hafi Mtu

Jumatatu, 2 Oktoba 2023
Picha imetoka. Uvimbe kwenye utumbo mpana. Usipotolewa utaziba utumbo, na huo ndio utakuwa mwisho wangu. Asante sana! Mimi Kanyere, mjane, muuza maharage wa mtaa wa Kimemi hapa Butembo, nilidhani ni gesi tu.

Binti yangu Sophie analia. Shemeji Ananie, mdogo wa marehemu mume wangu, halii – anaamuru. Lazima Daktari Lusenge anipasue. Butembo nzima inajua hajawahi kufiwa na mgonjwa. Hajawahi!

Jumatano, 4 Oktoba
Nimemwona. Viatu vinang'aa hata na tope hili. Aliniuliza umri, presha, sukari. Kisha akanipandisha ngazi za kliniki mpaka juu, asikie ninavyohema. Nilibeba magunia maisha yangu yote, niogope ngazi? Nikapanda. Mzee mmoja wa Mangina alisimama katikati, akashika ukuta. Ameambiwa arudi nyumbani apumzike. Apumzike na uvimbe wake!

Sasa naelewa kwa nini hakuna anayekufa. Hata mimi nikichagua maharage makavu tu, gunia gani litaniozea?

Lakini nimechaguliwa. Nilifurahi sana, naona haya kuandika.

Jumapili, 8 Oktoba
Nimelazwa. Napasuliwa kesho. Ukoo wote uko uani, maana mgonjwa asipotembelewa ni aibu yetu sote – wamekuja hata wa Lubero, ambao hawakufika harusini kwa Sophie. Ananie amekodi turubai na viti. Padri amenipaka mafuta ya wagonjwa, kwaya ikaimba. Shangazi mmoja akaanza kuomboleza, kwa mazoea tu.

Hapo ndipo daktari akaingia. Akaona turubai, padri, machozi.

– Nani njo anakufa hapa?

– Hapana mutu mwenye anakufa, Docteur! Ananie akajibu. Ni mama Kanyere, ule utapasula kesho.

– Miye sipasulake mutu mwenye familia yake ilishaanza matanga!

Nikashuka kitandani, nikatoka kwa miguu yangu mwenyewe, nikasimama mbele yake. Mzima! Hakuniangalia usoni. Akaagiza nipimwe presha. Imepanda, akasema. Si ilipanda palepale, kwa hasira?

Jumatatu, 9 Oktoba
Nimeondolewa kliniki, sipasuliwi tena. Ananie analaumu kwaya, kwaya inamlaumu padri. Tumbo limejaa, choo hakipatikani. Nimewafukuza wote.

Alhamisi, 12 Oktoba
Niko Beni, mji wa jirani. Sophie amenileta kwa Daktari Muyisa. Ananie amekataa kuja. Kule batu banakufaka, anasema. Kweli. Lakini pia ndiko wanakopelekwa wote ambao Lusenge hawataki.

Shati la Muyisa halijapigwa pasi. Nilimwuliza wazi: wamekufa wangapi kwako? Sophie akanifinya. Daktari hakukasirika. Alianza kuwataja, mmoja mmoja, kwa majina. Mama wa Mavivi, alifika utumbo umeshatoboka. Mwalimu mmoja, mshono uliachia siku ambayo tayari alikuwa anacheka na wenzake wodini. Hapo aliangalia mikono yake.

– Weye pia unaweza kufa, mama. Lakini kama tunakuacha vile, utakufa tu. Tutajaribu.

Sijawahi kuambiwa maneno mabaya kama hayo. Na usiku nililala, mara ya kwanza wiki hii.

Ijumaa, 13 Oktoba
Njaa. Napasuliwa leo, hata maji wamenikataza. Naogopa! Kwa Lusenge sikuogopa hivi, nilijiona kama nimeshapona.

Ananie amepiga simu. Ana furaha kweli – amemwangukia Lusenge, Lusenge amekubali. Nirudi Butembo, nipumzike, presha ishuke, atanipima upya. Bado anaongea. Anasema ngoja kidogo tu, shemeji, kwa Lusenge hakuna aliyekufa hata mmoja.

Muuguzi amefika na kitanda cha magurudumu. Nivue kila kitu cha chuma, anasema.

Nimempa Sophie simu, amsikilize yeye. Hereni moja imetoka. Ya pili inagoma. Muuguzi anasema atanisubiri.