Tarumbeta la Baba Kwenye Santuri ya Wajerumani

Tunduma, Jumatano

Kaka yangu Yesaya,

Shikamoo. Shemeji na watoto hapo Ndola wanaendeleaje? Sisi wazima, ila miguu yangu haitulii. Tangu Jumapili nazunguka dukani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nakuomba kwanza: katapila ulilokodi kung'oa mibuni ya Iyula lisiingie shambani. Mama amekataza, na hataki sababu isemwe kwenye simu. Ndiyo maana nimempa dereva Othmani barua hii.

Unakumbuka Baba alivyotusimulia kwamba kanisa lilimpeleka Ujerumani kujifunza kutengeneza matarumbeta? Kumbe huko vijana wenye nywele hadi mabegani walimwingiza kwenye bendi yao, Kupferwald. Walitoa santuri moja tu, wakasambaratika. Wiki iliyopita binti wa mpiga ngoma wao alitutumia nyimbo za santuri hiyo kwa simu. Kaka, ni vurugu! Gitaa linalia kama gia ya lori inayokataa kuingia, kinanda kinakwenda njia yake. Mimi, mjuzi wa muziki wa kujipachika, nilidhani wanagombana.

Jumapili nikampelekea Mama kule Iyula spika kubwa ya dukani, nikafungulia sauti yote. Katikati ya vurugu tarumbeta likapanda peke yake, likapiga wimbo wetu wa kutangaza msiba! Haikupita muda Mama Mbonile akaingia na kuni kichwani, wanaume wakafuata na majembe. Wakamkuta marehemu wao, Mama mwenyewe, ameketi kwenye kigoda. Akawauliza kama walitaka kumzika kabla hajanywa chai. Tukacheka sana, mpaka nikaona yeye hacheki tena.

Wageni walipoondoka akaniambia msiba ulikuwepo. Baba akiwa Ujerumani, alipelekewa telegramu kwamba mtoto wao wa kwanza, Gwalugano, amekufa kwa surua. Hakuwahi kuzika. Aliporudi hakumtaja, na tarumbeta hakuligusa tena hadi kufa kwake. Miaka yote Mama aliamini kwamba hakumlilia mwanawe. Sasa amesikia alimlilia wapi.

Kwa hiyo, kaka, pamoja na ukubwa wote uliotutambia, wewe ni wa pili.

Mtoto amelala kati ya mibuni ile, na alama ya kaburi ilishapotea. Tangu juzi Mama anapita mistari na fimbo, anapapasa udongo, hataki kula. Njoo tumsaidie kumtafuta kaka yetu.

Frida wangu anawasalimu nyote, na Mama anakuombea safari njema hata kabla hujaikubali.

Mdogo wako, sasa wa tatu,
Aliko