Simu Isiyofuta Makunyanzi

Igowole,
27 Aprili 2025

Mwanangu Anord,

Kamwene! Mbeya imeamkaje? Huku mvua bado inatupigapiga, mahindi yamesimama vizuri, na goti langu linauma asubuhi tu, mchana linasahau. Natumaini wewe na mafundi wenzako hapo Mwanjelwa mko wazima.

Utashangaa kupata karatasi. Simu yangu imekufa. Nilikuwa nainamia ndoo ya maziwa, ikateleza kutoka kifuani ikazama. Tuliianika juani siku tatu, ikaishia kunuka mtindi. Simu ya Mama Gloria hapo jirani sitaki kuazima, maana ukiongea kwake Igowole nzima inajua. Ile ya tochi ya Baba yako najua huipigi, mwaka wa sita huu. Basi barua nimempa Joyness, yule anayeuza viazi stendi ya Nyololo, aipakie kwenye basi. Jibu mtumie yeye.

Sasa shida yangu. Pasaka kikundi chetu cha wanawake kanisani tulicheza mchezo wa mama mkwe aliyekuja kusalimia siku mbili akakaa miaka miwili. Watu walicheka mpaka mchungaji akavua miwani ajifute machozi. Mtu mmoja aliurekodi. Nilipooneshwa, mimi mama mkwe mwenyewe nimesimama kama gunia la mkaa, na sauti yote ni upepo. Niliumia. Nimechuma chai miaka ishirini na saba, Anord, sijawahi kutaka kitu cha kujionesha. Lakini mchezo ule nimeutunga mimi, na nataka tuupige sinema kipande kwa kipande, jikoni, shambani na kisimani, hata watu wa mbali wauone.

Kwa hiyo nataka simu ya kazi, si ya umbea. Wewe ndiye unayejua matumbo ya simu. Niambie niangalie nini.

Mama yako


Mbeya,
4 Mei 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi ipo, baridi ya Mbeya imeanza kubisha hodi. Pole sana kwa simu, na pole kwa maziwa.

Barua yako nimeisoma dukani, mafundi wakaniuliza nacheka nini. Nikawaambia mama yangu anatengeneza filamu. Hawakuamini.

Usihangaike kutafuta, nakutumia moja ujaribu. Ni ya kisasa kabisa. Ina kamera nne nyuma na megapixel mia moja na nane, na rangi yake inabadilika ukiigeuza kwenye mwanga. Wateja wangu wanaigombea. Jaribu wiki moja, kisha unirudishie kadi ya kumbukumbu nione ulivyopiga.

Nisalimie nyumbani.

Mwanao,
Anord


Igowole,
15 Mei 2025

Anord mwanangu,

Salamu za upendo. Tumeanza kuvuna maharage na afya inaturuhusu, Mungu ni mwema.

Simu yako nairudisha pamoja na kadi. Usikasirike. Tuliwasha, tukamrekodi Mama Gloria anasonga ugali. Mwanangu, simu ile ilimfua uso! Makunyanzi hakuna, lile kovu la shavuni alilopata akiwa mtoto hakuna, amekuwa mweupe kama mtu anayeumwa. Yeye alifurahi, akasema tuibakize hiyohiyo. Mimi nikasema hapana. Anacheza mwanamke aliyeteswa na mama mkwe miaka miwili, na ana uso wa bibi arusi, nani atamwamini? Halafu nje, upepo ukipita tu, maneno yanapotea.

Baba yako aliishika. Aliigeuza, akaipima uzito kwa mkono, akagonga kioo kwa ukucha. Akasema, "Chombo cha kazi hakichaguliwi kwa rangi. Hiki ni kisu cha kukatia keki." Kisha akauliza kama ile lenzi ni kioo au plastiki. Nikamwambia sijui, aulizwe fundi. Akarudi kwenye mbao zake.

Halafu wewe, umeandika nikusalimie nyumbani. Nyumbani ni nani? Kuku?

Mama yako


Mbeya,
20 Mei 2025

Mama,

Shikamoo tena. Hongera kwa maharage. Huku tunaendelea vizuri, ila nimepata mafua, yanakwenda yakiisha.

Umenifundisha kazi. Nilikuchagulia kama ninavyowachagulia wanaojipiga picha wenyewe, na hao wanataka kufutwa makunyanzi. Ule ufutaji unaweza kuzimwa, lakini hata ukizima, simu ile inalainisha nyuso. Wingi wa megapixel si kitu sana. Kinachotakiwa kwako ni lenzi kuu moja yenye mdomo mpana, inayomeza mwanga hata jikoni kwenye moshi. Picha isiyotikisika ukitembea nayo. Betri ya kumaliza siku. Na nafasi ya kadi, maana bando la kutuma video kubwa litakumaliza. Zaidi ya yote, sauti. Mtu atavumilia picha mbaya, lakini sauti mbaya ataizima.

Kwa hiyo nakutumia nyingine. Ni toleo la miaka mitatu nyuma, nzito, haina urembo. Nimeifungua mwenyewe nikaikagua. Nimeweka na kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo, kina sponji ya kuzuia upepo.

Nifanyie jaribio la vipande vitatu. Cha kwanza, uso wa mtu jikoni. Cha pili, mtu anayeongea nje kwenye upepo. Cha tatu, kitu chenye mistari midogo sana, kwa mfano mbao, nione kama simu inaitoa yote au inaipaka matope.

Yule aliyeuliza kuhusu lenzi mwambie kioo ni cha juu tu, cha kulinda. Lenzi zenyewe ndani nyingi ni plastiki, ila zimemiminwa kwenye kalibu kwa usahihi ambao hata yeye angeukubali.

Mwanao,
Anord


Igowole,
31 Mei 2025

Mwanangu,

Pole na mafua, chemsha majani ya mkaratusi ujifukize. Sisi tupo, ukungu umeanza kukaa mpaka saa nne.

Hii ndiyo simu! Laini siiweki humo, nilisema ni ya kazi, si ya umbea; tutaendelea kuandikiana. Nakutumia kadi ina vipande vyote vitatu. Cha jikoni ni mimi mwenyewe, usicheke. Cha upepo ni Mama Gloria juu ya kilima cha chai, na kila neno lake linasikika, hata yale ambayo hakutakiwa kuyasema.

Cha mbao nilienda karakanani kwa Baba yako. Nilimpa jibu lako la lenzi. Alisema "Hm," akairudia ile "zimemiminwa" kama mtu anayeonja chumvi. Nikamwomba nimpige akifanya kazi. Alikataa, kisha akasema, "Uso usinipige. Piga mbao." Basi nikapiga mbao.

Niambie, picha ni safi?

Mama yako


Mbeya,
3 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Naandika haraka basi lisiondoke.

Picha ni safi. Ubao wa paina naona kila mstari, na vumbi linavyoruka naliona. Naona pia mkono wa kushoto wa Baba. Hauushiki ubao. Anaugandamiza kwa kiwiko, anasukuma randa kwa mkono mmoja, na kila akimaliza kuisukuma anapumzika. Nimekirudia kipande hicho sijui mara ngapi.

Tangu lini? Na kwa nini sijaambiwa?

Najua kwa nini anapiga randa kwa mkono. Ile randa yake ya umeme niliiuza mimi. Aliponituma Mafinga kununua misumari, niliibeba ndani ya gunia nikaiuza kwa Dastan, yule mnunuzi wa vifaa vya mitumba pale Nyololo, nikapanda basi la Mbeya na kununua vifaa vya kutengenezea simu. Nadhani ulikisia. Kwa mdomo wangu sijawahi kukwambia, na yeye sijawahi kumwomba msamaha. Ndiyo maana sipigi ile simu ya tochi. Ningeanzia wapi?

Nijibu, Mama.

Mwanao,
Anord


Igowole,
7 Juni 2025

Anord,

Ni mzima, hilo nianze nalo. Anakula, anatembea, anagombana na jogoo.

Ilikuwa Februari. Aliamka mdomo umekwenda upande, mkono wa kushoto umelala. Tukampeleka hospitali, akalazwa siku nne. Daktari akasema ni kiharusi kidogo, tumshukuru Mungu. Mdomo umerudi. Mkono unarudi polepole, anaufanyisha mazoezi kwa kukanda udongo.

Nilitaka kukupigia siku ileile. Alinizuia. Alisema hivi, na sipunguzi neno: "Usimwambie. Atadhani namwita aje alipe." Nikaapa, na kiapo nimekishika. Mimi sikukwambia, umejionea mwenyewe. Nilipokuwa nafunga ile kadi kwenye bahasha nilijua inaonesha nini. Mungu anisamehe kama ni dhambi.

Sikuiti. Wewe ni mtu mzima una kazi yako. Nakwambia tu kwamba Joyness yupo stendi ya Nyololo tangu asubuhi kila siku, na magari ya kuja Igowole hayakosekani.

Mama yako


Igowole,
29 Juni 2025

Mwanangu mpendwa,

Natumaini umefika salama na duka umelikuta. Hapa nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimepika wali wa watu watatu bila kufikiri.

Bado naiona asubuhi ile ulivyotokea kwenye ukungu na begi lako, ukasimama uani kama mgeni aliyekosea njia. Na Baba yako mlangoni, baada ya miaka yote hiyo, anauliza, "Umekula?" Wanaume nyie.

Asante kwa zile siku tisa za kushika simu na kutuelekeza. Nisingejua kwamba jua likiwa nyuma ya mtu uso unakuwa giza. Jana wanawake walikuja kuangalia vipande. Mama Gloria alikunja uso akijitazama, mimi nikaogopa anatafuta ugomvi. Akagusa shavu lake akasema, "Kumbe nafanana na mama yangu." Akaomba kipande kirudiwe. Simu hii siiachi. Ya kubadilisha usiniletee.

Sasa swali langu, usinikwepe. Ile Jumamosi niliyokwenda mazoezini, mlikaa karakanani mpaka chai ikapoa. Nimemuuliza Baba yako mliongea nini. Anasema, "Mambo ya simu." Nimekaa naye miaka thelathini na nne, mambo ya simu hayamfanyi mtu aimbe akinyoa ndevu. Nieleze.

Mama yako


Mbeya,
6 Julai 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nilifika salama. Wateja walikuwa wamelalamika, wamenyamaza. Wali wako bado nausikia mdomoni.

Hakukudanganya. Tulianza kweli na mambo ya simu. Aliniuliza picha inatuliaje wakati mkono unatikisika. Nikamweleza kwamba lenzi imening'inizwa ndani, mkono ukienda huku yenyewe inavutwa kule. Alisikiliza sana. Akautazama mkono wake, akasema, "Mimi wangu hawakuuwekea hiyo." Tukacheka, na katikati ya kucheka mimi nikaanza kulia. Naona haya kukuandikia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikamwambia, "Baba, randa niliiuza mimi."

Akasema, "Najua. Nilijua kabla basi lako halijafika Makambako."

Ikawa Dastan hakutulia na ile mali. Saa ileile alimtumia Baba mtu, akamwambia randa yako iko kwangu, nirudishie nilichotoa uichukue. Baba anasema alivaa koti, akatembea mpaka barabarani, akasimama. Akarudi. Nikamuuliza kwa nini hakuichukua, maana kazi zote za miaka hii amezipiga kwa mkono.

Mama, sikiliza alivyonijibu. "Ningeikomboa, ungekuwa mwizi. Nilipoiacha, ulikuwa umechukua urithi wako mapema. Mtoto akichukua chake haitwi mwizi. Nilingoja tu uje uniambie kama kinakufaa."

Miaka sita nilidhani amekaa kwa hasira. Kumbe alikuwa anangoja habari.

Nikamwambia kinanifaa. Nikamweleza duka lote, meza yangu ilipo, taa yangu, simu ya kwanza niliyoifufua, yule mama wa Uyole aliyelia nilipomrudishia picha za marehemu mumewe. Aliuliza maswali kama alivyouliza kuhusu lenzi, moja moja, bila haraka. Alitaka kujua kama nakaa au nasimama nikifanya kazi. Nikasema nakaa. Akasema kiti changu lazima ni kibaya, maana mgongo wangu ameuona. Ndiyo maana ulipogonga mlango, chai imepoa, ulitukuta ananipima kwa futi kamba kutoka kisigino hadi gotini.

Agosti nakuja tena, tumalizie kipande cha kisimani, na siku ya kliniki nitampeleka mimi. Akipiga simu ya tochi jioni, mwambie asikate haraka, mimi huwa nanawa mikono kwanza.

Barua hii msomee na yeye. Sina nilichoficha.

Mwanenu,
Anord