Matope ya Kabatoro

Mjukuu wangu Biira,

Sisi wa Bwera tuko salama. Mama yako amemaliza kuvuna kahawa, na magoti yangu bado yananifikisha kanisani. Unauliza kwa nini rangi ya gari lako inavimba na kubanduka huko Mombasa, na fundi anakulaumu kwamba hujui kuosha.

Babu yako naye alilaumiwa hivyo. Miaka ya sitini alikuwa dereva wa polisi hapa, akipeleka askari Kabatoro kila siku, kwenye ziwa la chumvi. Rangi ya milango ikaanza kubanduka upande wa chini. Mkubwa wake akamfokea mbele ya watu, kwa Kiswahili chetu cha kambini: "Wewe nasugua gari na mchanga! Kesho rudisha yunifomu!"

Nilikuwa naanika nguo hapo karibu. Niliziacha, nikabandua matope makavu nyuma ya gurudumu, nikayaonja, kisha nikamnyoshea mkono.

"Onja, afande."

Akaonja, akatema. "Hii iko chumvi!"

"Ndiyo, afande. Mama yangu alivuna chumvi kule. Inakula hata jembe. Hii gari naoshwa juu tu, chini hapana."

Kwenu chumvi hiyo huja na upepo wa bahari, kwa hiyo nawe osha mpaka chini.

Babu yako hakurudisha yunifomu. Kesho yake amri ilibandikwa ukutani: kila gari likitoka Kabatoro lioshwe chini kwa maji safi. Jina langu halikuwemo. Babu yako aliwasomea madereva wote kwa sauti, na alipofika mwisho akaongeza, "Hii amri imetoka kwa mke yangu."

Ni mimi bibi yako, ninayekuwaza