Vivuli vya Zambarau

Umeusoma ujumbe wangu, tiki za buluu nimeziona, na bado umeangalia pembeni kama kawaida yako!

Leo darasani nilipitia historia yote ya sanaa, kuanzia michoro ya mapangoni hadi wale wachoraji waliokataa vivuli vyeusi wakavipaka zambarau. Nikajitapa: "Mchoraji hujulikana kwa vivuli vyake."

Mgeni aliyekaa nyuma akainua simu. Kwenye kioo ni ile picha uliyochora ya mkurugenzi mwenye meno ya fisi, ukutani kiwandani!

"Mwalimu, vivuli hivi vya zambarau ni vya nani?"

Darasa likaangua kicheko: "Si ni yule fundi mabango!"

Wamekutaja huku wakicheka, ndugu yangu! Mgeni hakucheka. Alitoka anapiga simu.

Mwaka wa mgomo watu wa mkurugenzi walianza hivihivi na shemeji, hadi leo hajarudi. Acha brashi, toka hapo nyumbani sasa hivi!