Hapandi Mtu Bila Kusoma

3 Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Mimi mzima, isipokuwa goti la kulia linalojifanya limestaafu kabla yangu. Natumaini wizara ya elimu inakulisha, maana kwenye picha uliyotuma shingo ilikuwa nyembamba.

Waraka wenu umefika. Mwenyekiti wa chama aliuleta mwenyewe, akausoma mbele ya walimu: marufuku mtoto yeyote kurudia darasa, wote wapande. Unajua desturi yangu. Kila mwisho wa mwaka watoto wa darasa la pili husimama mbele ya wazazi wasome. Asiyeweza hubaki nami mwaka mwingine. Nani kaandika upuuzi huu? Huyo hajawahi kushika chaki.

Mama yako

19 Oktoba

Mama, shikamoo,

Goti lipake dawa, usilidharau. Mimi nala vizuri.

Upuuzi huo nimeuandika mimi. Mheshimiwa waziri aliahidi kwenye mkutano wa kampeni kwamba hakuna mtoto atakayeachwa nyuma. Watu wakashangilia, na kesho yake tukaambiwa tuandike. Lakini si siasa tupu, mama. Anayerudishwa huona aibu, na wengi huacha shule, hasa wasichana. Wewe mwenyewe uliwapoteza wangapi?

Fuata waraka, nakuomba. Umebakiza mwaka mmoja tu ustaafu.

Mwanao

28 Novemba

Mama, shikamoo,

Mbona kimya? Nasikia umewaalika wazazi kama kawaida. Mkaguzi atakuwepo siku hiyo, na ripoti yake itafika mezani kwangu. Usiniweke mahali pa kuchagua kati yako na kazi.

Mwanao

8 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo. Nilikaa kimya kwa sababu swali lako lilinichoma. Ni kweli, wapo walioacha shule kwa aibu, na nawakumbuka kwa sura. Ndiyo maana siku hizi anayebaki namfundisha pia jioni, mpaka ashike. Waraka wenu hauna jioni.

Siku ya kusoma wazazi walijaa hadi madirishani. Binti wa mwenyekiti alisoma ukurasa wake bila kukwama na baba mtu akapiga makofi kuliko wote. Nikafungua ukurasa mwingine. Mtoto akautazama, kisha akarudia maneno yaleyale ya kwanza. Nyumbani walikuwa wamemkaririsha. Nilimwonea huruma, nikamwambia akae karibu nami.

Mwenyekiti akasimama, akasema waraka umeshaamua, binti yake anapanda. Nikamjibu kwamba darasani mwangu hapandi mtu bila kusoma. Mkaguzi akatoa kalamu. Hapo mke wa mwenyekiti, ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akisema neno mbele ya mumewe, akainuka.

"Waraka hautamsomea mwanangu karatasi ya hospitali," alisema. "Abaki."

Baada yake wakasimama wazazi wengine, wakaomba wa kwao wabaki pia. Mkaguzi akafunga jalada lake akaondoka bila kuaga.

Leo nimepata barua ya kunisimamisha kazi. Nimeisoma mara mbili. Haina kosa hata moja la kuandika, na saini ni yako. Imeniuma, sitakuficha. Nimelia kidogo, kisha nikaosha uso, nikaenda kupanga madawati.

Jumatatu shule inafunguliwa na mimi nitaingia darasani. Mwalimu mkuu anaogopa, kanisihi nikae nyumbani. Nimemwambia anayetaka kunitoa aje anitoe watoto wakiona, ili nao wajue nimetolewa kwa kosa gani.

Wasitume askari, wala mkaguzi. Barua umesaini wewe, basi njoo wewe. Pita nyumbani kwanza, ule ushibe, halafu twende pamoja mpaka darasani, ukanitoe.

Mama yako