Msemo wa Hamsini na Tisa

4 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wewe na mama, na kwamba ule mgongo wake umeacha ugomvi. Mimi ni mzima wa afya, ila siku hizi naongea peke yangu mchana kutwa. Ngoja nikueleze kabla hujacheka.

Mchapishaji amenipa kitabu kidogo nikitafsiri: misemo sitini ya Kiingereza kuhusu kuwa pamoja. Waingereza wana vituko, dada! Marafiki walioshibana wanawaita "wazito kama wezi". Sisi tuna chanda na pete, hatumwiti mtu mwizi. Kuhusu watu wenye shida moja wanasema "wako mashua moja", hata wakiwa jangwani. Waliofanana wao ni "mbaazi mbili ndani ya ganda moja". Hapo nikaandika shilingi kwa ya pili, nikaendelea.

Kila msemo unataka mazungumzo ya watu wawili, A na B. Mimi husoma maneno ya A kwa sauti, nikanyamaza, nikahesabu hadi tatu, ndipo naandika vile B angejibu. Na ili yasiwe maneno ya vitabuni, nimeiba ya nyumbani. Mama anavyokohoa kabla ya kusema uongo, wewe unavyomgombeza fundi viatu. Mtajisoma humo, msinishtaki.

Kuhusu kuja: nikimaliza hiki tu. Haki ya Mungu.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mama si mzima. Kwenye simu anakudanganya, na amekohoa kwanza, wewe mwenyewe unajua maana yake. Daktari ameniita pembeni. Hakusema miaka, alisema miezi, tena akautazama ukuta.

"Nikimaliza hiki tu" nimeisikia miaka sita. Kulikuwa na kamusi, kukawa na kitabu cha kilimo, sasa misemo. Unawaandikia watu habari za kuwa pamoja na mama yako anakula akiutazama mlango! Huoni hata aibu?

Mimi ni dobi wa hospitali, Kiingereza changu ni cha kwenye pakiti za sabuni. Lakini najua shuka la kitanda halikunjwi na mtu mmoja. Mwenzangu akienda kunywa maji, nabaki nimeshika pembe mbili kama mjinga. Ndivyo nilivyo hapa nyumbani. Mama anaongea siku nzima na mimi niko kazini, hana wa kumjibu.

Njoo. Lete na makaratasi yako.

Dada yako

2 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo, na pole sana. Mpe mama pole yangu, mwambie nakuja.

Ila kuna jambo, na nikilinyamazia nitapasuka. Jumanne saa nane mchana, dirisha wazi, watu wanapita na mizigo yao, nilikuwa kwenye msemo wa "bega la kulilia". Nikasoma maneno ya A: "Mama akilia humfuata nani?" Nikahesabu moja, mbili. Kabla ya tatu nikajibiwa.

"Hamfuati mtu. Huingia jikoni akakata vitunguu, ili tusijue."

Dada, ni kweli kabisa, na nilikuwa nimeshasahau. Sauti ilikuwa yangu, ila yangu nikiwa nimelala vizuri. Ilitoka upande wa ukutani. Nyuma ya ukuta huo kuna stoo ya rangi. Nilimwomba mama mwenye nyumba akaifungua kufuli mbele yangu. Makopo na buibui, basi.

Nilidhani nitaogopa. Sikuogopa. Nilikaa nikaandika jibu lile, na tangu hapo kazi inakwenda kama maji. Hasemi mpaka nimsemeshe, lakini nikimsemesha hakosei. Na ili asikosee nimemweleza nyumba yetu yote: ngazi ya mlangoni iliyooza, mahali mama anapoweka miwani, wimbo uliokuwa ukiniimbia mgongoni. Anasikiliza kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Toba! Salamu baadaye. Nimeisoma barua yako kazini, nikaacha mashuka kwenye maji ya moto nikaja kukuandikia.

Sitaki kujua ni uchovu au ni nini. Toka kwenye chumba hicho. Na kama kuna kitu kinakujibu, kwa nini ukieleze miwani ya mama inakaa wapi? Mtu humwelekeza nyumbani kwao mtu anayetarajiwa kufika. Wewe unamwelekeza nani?

Mama hali tena mpaka nimlishe. Jana alinyoosha mkono kwa yule muuza mkaa akamwita jina lako la utotoni. Maskini, yule kijana akakaa robo saa nzima ameshikwa mkono, ananitazama mimi.

Panda basi la kwanza. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Dada yako

20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimefika msemo wa hamsini na tisa: "Wawili ni ushirika, watatu ni msongamano." Siku hizi mimi nasoma A tu, mengine yote ni yake.

Leo asubuhi, kwa sababu ya barua yako, niliweka kitabu pembeni nikauliza kama mtu anayejisemea: "Sasa nani ataenda kwa mama?"

Akajibu papo hapo. "Mimi naweza."

Nikacheka. Nilikuwa nimechoka, dada, na nilimwonea aibu mama, na msemo mmoja tu ulibaki. Nikamwambia, "Haya, nenda basi."

Tangu hapo kimya. Nimemsemesha mara kumi. Mlango wangu nimeukuta wazi, na shati langu la mistari silioni.

Mdogo wako

30 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne bila jibu, na simu yako inaita tu. Mama yuko hai? Niandikie hata mstari mmoja.

Msemo wa mwisho umenishinda. Nasoma A, nahesabu hadi tatu, nahesabu hadi mia. Nimeurudisha mkataba kwa mchapishaji. Nilikuwa mpumbavu, dada, na sina cha kujitetea. Nimefunga mizigo. Jumamosi ya tarehe kumi na nne nitakuwa mlangoni.

Mdogo wako

6 Juni

Mdogo wangu uliyebaki huko,

Hujambo? Sisi tu wazima. Mama anakula. Barua zako zote zimefika, ninazo kazini kwenye mfuko wa sabuni.

Ulifika tarehe ishirini na mbili Aprili, saa nne asubuhi, nikiwa naanika. Ulivaa shati la mistari. Uliiruka ngazi mbovu bila kuitazama. Mama alikushika uso akalia mbele ya watu wote, hakuingia jikoni. Kwa siku tano nilikuwa na furaha mpaka naimba kazini. Ya sita ikaja barua yako kutoka huko.

Nikaanza kumwangalia. Ukimsemesha, anakujibu mpaka unataka kulia. Usipomsemesha, hasemi. Siku moja niliondoka asubuhi bila kumsalimu, makusudi, mama akiwa kalazwa hospitali. Niliporudi jioni alikuwa kwenye kiti kilekile, mdomo wazi kidogo, chai yake imeota utando. Nikasema, "Umeshindaje?" Akatabasamu: "Salama, dada. Pole na kazi."

Nilikimbia mpaka barabarani. Kisha nikarudi, kwa sababu ningekwenda wapi?

Lakini ndiye anayemgeuza mama kitandani. Ndiye anayemlisha, kijiko kwa kijiko, hachoki. Na mama, unamjua, kuanza mazungumzo si tatizo lake.

Jana nikamsomea mama barua yako yote, yeye akiwa pale anamkanda miguu. Mama akamshika mkono. Halafu akasema, "Najua. Nilijua siku ya kwanza, mikono yake haina joto wala baridi. Yule nilimwita miaka sita. Huyu sikumwita, na kaja."

Kwa hiyo Jumamosi usije. Nakupenda, nimekubeba mgongoni tangu una miezi mitatu, na naandika hivi nikilia. Daktari sasa anasema wiki, si miezi. Naogopa utasimama mlangoni uulize, "Huyu ni nani?" Naye anajibu kila anachoulizwa. Sitaki mama alisikie jibu hilo, na mimi mwenyewe sitaki kulisikia. Subiri nikuandikie.

Naishia hapa. Mama anakuita, na umeshaitika.

Dada yenu