Sadaka ya Paa

Koboko, 5 Mei 2025

Mwanangu Sharifah,

Pokea salaam nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, ila masikio ni yale yale, ndiyo maana nakuandikia badala ya kushika simu na kujibu nisiyoulizwa. Mume wako hajambo? Na tumbo linaendeleaje? Mwezi wa nane si mchezo. Usibebe maji.

Arobaini ya Baba yako imepita salama. Watu walikula, wakamwombea. Sasa nyumba inavuja. Mabati mapya aliyonunua mwenyewe kabla hajazidiwa bado yamelala ukumbini, na kila nikiyagusa naona kama atatoka chumbani kuuliza nani ameyasogeza. Fundi Shafiki yuko tayari. Anauliza tu lile paa la zamani litaondoka na nini. Hapa sokoni kuna lori la mchanga. Huko Arua kuna yale masanduku makubwa ya chuma wanayoita skipu: moja linaachwa uani kwako, likishapakiwa ndipo lori linakuja kulibeba. Tuulizie lipi linafaa, kubwa au dogo.

Barua hii nampa Jale, dereva wa taksi.

Mama yako,
Medina


Arua, 8 Mei 2025

Mama mpenzi,

Salaam zako zimefika, nami nakurudishia zaidi. Sisi wazima. Mtoto anapiga teke, hasa nikikaa kula.

Mama, usiguse paa kwanza.

Nilikwenda kwa Jimmy, mwenye skipu. Alianza kunitania: "Dada, hii tumbo ndiyo unataka kuwekea skipu?" Tukacheka. Akauliza paa ni la nini. Nikasema ni yale mabati mazito ya kijivu, ya zamani. Akaweka kikombe chini.

"Hiyo si mabati. Hiyo iko asbesto. Mutu akiivunja, vumbi yake inaingia kwa kifua na haitoki. Inakaa miaka, halafu inaanza kazi."

Akanionyesha masanduku yake. Lile refu halifai, kwa sababu mzigo unatupwa ndani kutoka juu, na kila kipande kitavunjika. Lori la mchanga ni baya zaidi: liko wazi, na likifika linamwaga tu. Linalofaa ni lile fupi lenye mlango nyuma. Mafundi wanaingia kwa miguu yao, wanalaza kipande juu ya kipande, kikiwa kizima, kimeloweshwa maji, ndani ya plastiki nene. Wala lisijae, maana mzigo huo ni mzito kama mawe. Yeye ana shimo aliloruhusiwa kuzikia mzigo huo.

Mama, njiani niliwaza Baba na mabati hayo. Unakumbuka Baba alivyokuwa akiyakata kwa msumeno, enzi zile akiezeka nyumba za watu? Alikuwa akirudi nyusi nyeupe. Tulimkimbilia, tukazipangusa kwa viganja, tukimwita babu. Alicheka mpaka akakohoa.

Nimekupigia simu, ukajibu "eee, eee" mpaka ikakatika. Tafadhali subiri.

Binti yako,
Sharifah


Koboko, 12 Mei 2025

Mwanangu,

Nakusalimu, lakini leo usiniulize hali.

Gari la Jale liliharibika njiani, na barua yako nimeipata asubuhi hii. Kwenye simu sikuambulia neno. Jumamosi mawingu yalikuwa meusi, Shafiki akasema tuwahi. Paa likashuka. Vijana wake walikuwa wanayatupa mabati chini tu. Mimi nilifagia uani kwa mkono wangu.

Kisha majirani wakaja. "Mama Sharifah, hizi unatupa?" Nikafikiri, kwa nini nilete skipu kutoka Arua wakati watu wanahitaji? Nikasema wachukue, iwe sadaka ya marehemu. Viktoria alichukua ya banda la nguruwe. Nikamwambia marehemu Abdunoor wangu ameswali maisha yake yote, leo unampeleka kwa nguruwe! Alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Hamuza amezungushia bafu. Ayikoru ameezeka jiko, na ndimo anamolala mjukuu wake, mtoto wa Scovia, kwa sababu ya joto.

Walimwombea Baba yako kwa sauti, mmoja mmoja. Nilifurahi siku ile, Sharifah. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Sadaka ya maiti inaombwaje irudi? Nitaanza na neno gani?

Mama yako


Arua, 13 Mei 2025

Mama,

Nakuombea tena afya. Muuguzi amenikataza kusafiri, la sivyo ningekuwa mlangoni kwako sasa.

Usifagie tena. Mwaga maji uani, vipande viokotwe vikiwa vimelowa, funika pua kwa kitambaa cha maji. Skipu fupi inakuja Alhamisi. Yote yarudi, Mama, hata ya nguruwe. Wakikutukana, wakutukane. Anza na mtoto wa Scovia.

Sharifah wako


Koboko, 16 Mei 2025

Mwanangu,

Natumaini mko salama. Skipu imefika, imesimama uani mlango wazi.

Viktoria alirudisha ya kwake, akabeba na mumewe. Mzee Hamuza alinitazama kwanza. "Medina, sadaka inarudi? Tangu nizaliwe sijaona." Kisha akayafungua, lakini hakuniaga.

Ayikoru alisimama mlangoni. "Unanivua paa na mvua hii? Ulitaka shukrani tu, eh? Sasa umeshashukuriwa."

Ndipo nikamwambia ambayo hata ninyi sikuwaambia. Miezi ya mwisho Baba yenu hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, mgongo wake kwenye kifua changu, nikisikia pumzi ikitafuta njia. Alinisihi msijue. Sijui kama ni paa lililomuua, nikasema, lakini nimesikia kifua kile, na sitaki ukisikie kwa mtoto huyu.

Ayikoru aliingia ndani, akatoka na mtoto pamoja na mkeka.

Shafiki alikuwa bado hajaezeka chumba cha Baba yako. Mabati mapya ya chumba kile nimeyapeleka kwa Ayikoru, na kijana wake ameyapigilia jikoni kwake leo. Niliyanuia sadaka njiani, kimoyomoyo. Mimi nalala ukumbini.

Vipande vyote vimelazwa ndani ya plastiki kama Jimmy alivyoagiza. Kesho vinaondoka.

Ila jioni hii Ayikoru alikuja, hakutaka kuketi. "Kijana wangu aliyakata yale ya zamani kwa msumeno mle ndani, na mtoto alikuwa amelala. Ni mara moja tu, Medina. Mara moja inadhuru?"

Nimemwambia haidhuru. Amenishika mkono akaenda.

Sijui, Sharifah. Muulize Jimmy, muulize na daktari, kisha uniandikie upesi. Mpe Jale mkononi.

Mama yako